Picha Imeishia Wapi? Linux Kwenye Kompyuta Kuukuu

Zima taa ya chumba. Washa tochi ya simu, iegemeze pembeni mwa kioo cha kompyuta mpakato kilicho cheusi tii, kisha inama utazame kwa mshazari. Ukiona kivuli cha menyu, alama za mafaili, pengine hata saa inayosogea dakika kwa dakika, basi kompyuta iko hai. Mfumo umewaka, kadi inachora, picha imefika hadi kwenye kioo. Kinachokosekana ni taa ya nyuma yake tu.

Nilifanya hivyo mbele ya mwalimu wa sekondari aliyeniletea mashine yake ikiwa imefungwa kwenye kitenge. Ilikuwa kompyuta ya mtumba ya mwaka 2007. Alishapita kwa fundi mwingine akaambiwa kioo kimekufa, na bei aliyotajiwa ya kioo kingine ilikaribia bei ya mashine nzima. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amesakinisha Linux kwa mkono wake mwenyewe, akifuata kila hatua, mpaka kazi ikafika mwisho na mashine ikamwomba aiwashe upya. Akaiwasha. Giza. Tochi ilipogusa kioo alisogea karibu, akakunja uso, akasema, "Fundi, mbona jina langu lile pale?" Lilikuwa pale kweli, kijivu juu ya weusi, karibu na kisanduku cha kuandikia nywila.

Giza la namna hiyo limewafanya watu wengi waitupe mashine nzima, au warudi mtaani "kupigiwa Windows" isiyo na leseni wala masasisho. Nataka tulichambue kwa utulivu, kwa sababu sasa ndio wakati wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, hivyo kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zimeachwa nje ya mlango. Kwetu, ambako mashine nyingi hufika zikiwa zimeshatumika kwingine (Nairobi huziita "ex-UK"), watu wanazidi kugeukia Linux ili wazipe miaka mingine. Na kati ya matatizo yote yanayofuata usakinishaji, yaani sauti, mtandao wa bila waya, mashine kukataa kuamka ikishalala, hakuna linalotesa kama la picha. Likikupata, unanyang'anywa jicho ambalo ungelitumia kutengeneza hayo mengine.

Hoja yangu ni hii. Picha inayopotea ina mahali ilipoishia, na mara nyingi unaweza kupajua bila kufungua skrubu hata moja. Ukishapajua, unakuta kwamba kilichokatika ni habari: chombo kimoja hakikuambiwa jambo ambalo kingine kilikuwa kinalijua. Wakati mwingine habari hiyo imekatikia kwenye waya wa bei rahisi. Wakati mwingine imekatikia mbali sana, kwenye kabati la kampuni iliyotengeneza chipu na kukataa kueleza inavyofanya kazi.

Tuanze na njia yenyewe. Ukibonyeza kitufe, ya kwanza kuamka ni programu iliyo kwenye ubao mama, BIOS kwa mashine za zamani, UEFI kwa zilizofuata. BIOS huchora nembo ya mtengenezaji kwa lugha kongwe ambayo karibu kila kadi ya picha inaielewa, VGA na nyongeza zake. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta za PS/2, nukta 640 kwa 480 katika rangi 16, na mpaka leo ndiyo salamu ambayo kadi zisizojuana hupeana. Kisha inakuja menyu ya GRUB, inayokuuliza unataka mfumo gani. Kisha kerneli, kiini cha Linux, na hapo ndipo picha hukabidhiwa mikono mipya.

Kabla ya 2009 kerneli haikuigusa sana kadi ya picha. Kazi hiyo ilikuwa ya X, seva ya picha iliyozaliwa chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo lake la X11 la mwaka 1987 ndilo lililoishi. X ilizungumza na kadi moja kwa moja, na mwenye mashine aliandika kwa mkono faili refu lenye masafa ya monita yake. Ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa, lakini ilikuwa na faida moja: mpaka X ianze, ulikuwa bado na maandishi meupe juu ya weusi ya kukueleza mashine imefika wapi. Machi 2009 kerneli 2.6.29 ilichukua yenyewe kazi ya kupanga vipimo vya picha kwa chipu za Intel. Mwaka huohuo 2.6.31 ikafanya hivyo kwa Radeon, na Februari 2010 toleo la 2.6.33 likaikaribisha draiva ya nouveau kwa kadi za Nvidia. Ulikuwa uamuzi mzuri. Msimamizi akawa mmoja, picha ikaacha kuruka ruka. Ila tangu hapo kerneli ikikosea inakosea mapema, kabla hujapata hata mstari wa kusoma. Ndiyo maana mashine huonekana imekufa sekunde mbili tu baada ya menyu ya GRUB.

Kwa hiyo swali la kwanza ni lini. Kama mistari ya rangi, vijisanduku au nusu ya kioo kuwa cheupe vinaonekana tangu kwenye nembo ya mtengenezaji, iache Linux, haihusiki. Hapo tafuta waya unaopita kwenye bawaba ya kifuniko, ambao huchakaa kwa kufunguliwa na kufungwa, au kadi yenyewe. Kuna kizazi cha mashine kinachohitaji kukaguliwa kwa jicho kali upande huo: Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zinaharibika kwa udhaifu wa malighafi, hasa kwenye kompyuta mpakato. Mashine za miaka hiyo bado zimo masokoni, na hakuna mfumo utakaozitibu.

Kama nembo ni safi, menyu ya GRUB ni safi, halafu giza, basi tatizo ni makabidhiano kati ya kerneli na kadi. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitika, kerneli inaishi na inakusikia, haina tu pa kuonyesha. Kama unaona nembo ya mfumo, kisha kioo kinabaki na kidoa kinachopepesa juu kushoto, au unaandika nywila na kurudishwa palepale pa kuandika nywila, kerneli imemaliza kazi yake na waliokwama ni waliofuata, X au mrithi wake Wayland. Hapo Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja humfungulia mtu ukurasa wa maandishi. Humo ataisoma sababu kwenye faili la Xorg.0.log, kwenye mistari inayoanza na herufi EE ndani ya mabano. Mistari hiyo ni ya Kiingereza kikavu, lakini mara nyingi inataja jina la draiva iliyogoma, na jina hilo ndilo unalolihitaji.

Mafundi wengi wakikutana na giza la baada ya GRUB huenda moja kwa moja kwenye neno nomodeset. Mimi huanza nyuma kidogo. Washa mashine ukiwa umeshikilia Shift, au ukigongagonga Esc kwa zile za UEFI, mpaka menyu itokee. Bonyeza e. Shuka hadi mstari unaoanza na linux, na kwenye mwisho wake utaona maneno quiet splash. Hayo mawili ni pazia. Kazi yake ni kuficha maandishi ili mashine iwake kwa madaha. Yafute, kisha Ctrl na X. Sasa mistari itapita mbele yako, na ule wa mwisho kabla ya giza ndio ushahidi. Ukitaja i915 (draiva ya Intel), radeon au nouveau, umeshajua mlango uliofungwa, na umelipata hilo kwa dakika moja bila kubahatisha.

Baada ya hapo ndipo nomodeset ina maana. Neno hilo huiambia kerneli isiguse vipimo vya picha, ibaki na ile salamu ya zamani. Mashine itawaka, na utafurahi. Tafadhali usiishie hapo. Nimekuta maabara ambako kila kompyuta imeandikiwa nomodeset milele, na watumiaji wanalalamika kwamba Linux ni nzito. Si nzito. Kwa nomodeset draiva za kisasa za Intel, Radeon na nouveau hazifanyi kazi kabisa. Picha inabaki kwenye vipimo vya kukisia, mara nyingi 1024 kwa 768. Mwangaza hauongezeki wala kupungua, mashine ikilala inaweza isiamke, na kila dirisha linachorwa na prosesa badala ya kadi. Endesha glxinfo, tafuta mstari wa mchoraji. Ukikuta llvmpipe, ujue prosesa ya zamani yenye viini viwili inafanya kazi isiyo yake, na video ndogo ya darasani itakatakata kama redio yenye betri zilizochoka. Nomodeset ni gongo la kumfikisha mgonjwa hospitali. Ukishaingia, andika lspci -nnk, tazama jina kamili la kadi na draiva inayotumika, kisha tafuta kinachokosekana.

Sasa nije kwenye waya, mahali ninapopapenda kuliko pote, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha bila sababu.

Karibu kila monita tangu katikati ya miaka ya 1990 hubeba ndani yake kitambulisho kidogo kinachoitwa EDID. Ni baiti 128 tu kwa muundo wa msingi: nani kanitengeneza, mwaka gani, nina upana gani, navumilia masafa gani, na vipimo gani vya picha ndivyo vyangu hasa. Kompyuta inapowaka huiuliza monita swali hilo, na jibu ndilo linaloamua picha itoke kwa ukubwa gani. Kwenye VGA, swali na jibu hupita kwenye pini mbili kati ya zile 15: namba 12 inabeba data, namba 15 inabeba mapigo ya saa.

Chukua waya wa VGA unaouzwa rahisi, uuelekeze kwenye mwanga, utazame kichwa chake. Safu ni tatu, pini tano tano. Namba 9, iliyo ya nne kwenye safu ya katikati, ikikosekana usishtuke, nyaya nyingi nzuri hazina hiyo. Angalia safu ya tatu: ya pili ni namba 12, ya mwisho ni namba 15. Zikiwa zimevunjika, zimepinda, au hazikuwekwa tangu kiwandani, picha itapita bila shida, kwa sababu nyekundu, kijani na bluu zina pini zake tatu za mwanzo. Lakini monita imekuwa bubu. Kompyuta inauliza, hakuna anayejibu, na kerneli inachagua kipimo cha tahadhari. Ndipo unapata monita ya inchi 19, ile ya umbo la karibu mraba yenye nukta 1280 kwa 1024 iliyojaa kwenye maduka ya mitumba, ikionyesha 1024 kwa 768. Herufi zina ukungu, na duara limekuwa yai. Watu husema kadi ni dhaifu. Nimeona mtu akienda kununua kadi nyingine. Ubadilishe waya kwanza.

Vigawanyi vya kuunganisha kompyuta moja na projekta, na visanduku vya kutumia monita moja kwa kompyuta kadhaa, huleta ugonjwa huohuo, kwa kuwa vingi havipitishi swali wala jibu. Waya ukiwa hauwezi kubadilishwa, mpe kompyuta jibu kwa mdomo wako. Njia iliyo rahisi na ya kudumu ni kuandika kwenye ule mstari wa kerneli video=VGA-1:1280x1024@60e. Ile e ya mwisho inailazimisha kerneli iamini kwamba kuna monita hata kama haisikii chochote. Anayetaka kuona kinachofanyika ndani aandike cvt 1280 1024 60, atapewa mstari wenye namba ngeni zinazoanza na 109.00. Hizo ni nukta milioni 109 kwa sekunde. Ukizidisha 1712 kwa 1063, halafu kwa karibu mapigo 60, unazipata zilezile. Kwa nini 1712 na wala si 1280? Kwa sababu monita za chupa zilihitaji muda wa kuurudisha mwale wa elektroni mwanzo wa mstari na juu ya kioo, na hesabu imeacha nafasi kwa ajili ya safari hiyo. Monita bapa haina mwale, ila imerithi desturi. Mwenye monita ya chupa asicheze na namba hizi kwa kubahatisha, kwani nyingine za kale ziliweza kuungua kwa masafa zisizoyaweza. Monita bapa ikipewa masafa makubwa mno itaandika tu kwamba ishara iko nje ya uwezo wake. Maandishi hayo yanatoka kwa monita yenyewe, na maana yake kompyuta yako inatuma picha vizuri kabisa, imekosea kipimo tu.

Kuna pia kinyume chake: kompyuta kuona monita isiyokuwepo. Chipu za Intel za katikati ya miaka ya 2000, kama ile ya 945GM, zilikuwa na njia ya kutoa picha kwenda kwenye televisheni, na mara nyingine kerneli hudhani kuna televisheni iliyochomekwa. Matokeo yake ni ya ajabu. Mfumo unawaka, sauti ya kuingia inasikika, lakini dirisha la kuingilia limepelekwa kwenye televisheni ya kufikirika, na kioo cha kweli kimebaki na picha ya ukuta tu au kimebanwa kwenye vipimo vidogo. Dawa ni neno moja kwenye mstari wa kerneli, video=SVIDEO-1:d, yaani zima mlango huo. Kwenye baadhi ya kompyuta ndogo za mezani mzimu hujitokeza kama kioo cha kompyuta mpakato, na dawa huwa video=LVDS-1:d. Amri ya xrandr bila nyongeza yoyote hukutajia milango yote ambayo mfumo unaamini ina kitu. Ukiona kilichounganishwa ambacho mkono wako haujakiunganisha, umeshampata mchawi.

Taa ya nyuma ya kioo, ile ya mwalimu, ina mkanganyiko wake. Kompyuta mpakato za zama hizo zinaweza kuongozwa mwangaza kwa njia zaidi ya moja: kupitia maelezo ya ACPI yaliyoandikwa na mtengenezaji kwenye BIOS, au moja kwa moja kupitia chipu ya picha. Maelezo ya BIOS mara nyingi yaliandikwa na kujaribiwa kwa Windows peke yake. Linux ikiyafuata, inashika swichi isiyofungwa waya. Niliunganisha monita ya nje ili nipate jicho, nikafungua kabrasha la /sys/class/backlight, nikakuta humo jina moja, acpi_video0. Nikapandisha namba yake hadi juu. Hakuna kilichobadilika kwenye kioo. Nikawasha upya na kuongeza acpi_backlight=native, na safari hii jina lilikuwa intel_backlight, na kioo kikang'aa kabla sijaandika kitu. Kuna mashine za ajabu zaidi, ambazo mtengenezaji aligeuza kipimo, ukipandisha mwangaza unashuka na ukiushusha unapanda. Zilikuwa za kutosha hadi kerneli ikawekewa neno lake maalumu, i915.invert_brightness=1. Neno likishathibitika linaandikwa kwenye faili la /etc/default/grub, ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha sudo update-grub, ili lisipotee kesho.

Hadi hapa habari ilikuwa imekatika ndani ya chumba chako. Sasa tutoke nje, kwa sababu hapa ndipo umri wa mashine unapoacha kuwa kigezo. Kadi ya Radeon 9700 ilitoka mwaka 2002. Draiva yake huria, r300, bado imo kwenye maktaba ya Mesa inayochora picha za Linux, na usakinishaji wa leo unaitambua. GMA 500 ya Intel ilitoka mwaka 2008, miaka sita baadaye, na ni miongoni mwa chipu zilizowaliza watu wengi kuliko zote. Mdogo anateseka, mkubwa anadunda. Tofauti yao ni karatasi.

AMD iliinunua ATI mwaka 2006, na Septemba 2007 ikatangaza kwamba itachapisha nyaraka za kadi zake na kusaidia draiva huria. Kuanzia hapo kilichojulikana ndani kikawa mali ya kila mwenye kusoma. Leo nikikuta Radeon kuukuu ina giza, swali langu la kwanza ni famuweya, yale mafaili madogo ambayo kerneli lazima iyapakie ndani ya kadi kabla haijafanya kazi. Si programu huria, kwa hiyo Debian kwa miaka mingi iliyaweka kando, na mtu aliyesakinisha kwa diski rasmi alipata giza au mashine nzito bila kujua sababu. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuyaruhusu ndani ya diski rasmi, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka nayo. Kwa matoleo ya kabla ya hapo unaongeza mwenyewe kifurushi cha firmware-amd-graphics. Nadhani Debian walichelewa. Nauheshimu msimamo wao juu ya uhuru wa programu, lakini mtu aliyeko kijijini na kifurushi cha data cha kupima, akiwa mbele ya kioo cheusi, uhuru huo hakuuona.

GMA 500 ina kisa kingine. Moyo wake wa kuchora haukuwa wa Intel. Ulikuwa muundo wa PowerVR wa kampuni ya Imagination ya Uingereza, na siri zake hazikuwa za Intel kuzigawa. Intel hiyohiyo iliyochapisha nyaraka za chipu zake nyingine ilishindwa kwa hii. Ikauzwa ndani ya kompyuta ndogo za Atom Z, mashine nyepesi zilizopendwa na wanafunzi. Draiva ya gma500 iliingia rasmi kwenye kerneli 3.3 mwaka 2012 kwa kazi ya Alan Cox, na inatoa picha sahihi kwa vipimo sahihi, bila kuharakisha michoro ya pande tatu. Ukiuziwa mashine yenye chipu hiyo, usipoteze wiki ukitafuta draiva ya siri. Haipo. Weka eneo-kazi jepesi kama Xfce au LXQt, itumie kwa maandishi, na usiiombe zaidi.

Nvidia iko katikati. Ilitoa draiva zake zilizofungwa, nzuri sana wakati wake, kisha ikazistaafisha kwa zamu: mfululizo wa 304 kwa GeForce 6 na 7, wa 340 kwa GeForce 8, 9 na 200 uliokoma mwishoni mwa 2019, wa 390 kwa familia ya Fermi uliokoma mwishoni mwa 2022. Draiva iliyofungwa hufungamana na kerneli ya zama zake. Kerneli ikisonga mbele, ile hubaki nyuma, na siku moja sasisho la kawaida la usiku linaamka na giza. Huyu ndiye mgonjwa ninayemwona mara nyingi kuliko wote: mashine iliyofanya kazi mwaka mzima, kisha ghafla kioo cheusi. Tiba ni kuiondoa draiva ya Nvidia kupitia ukurasa wa maandishi na kumwachia kazi nouveau, draiva iliyoandikwa na watu waliochunguza kadi kutoka nje, wakitazama kilichoingia na kilichotoka mpaka wakaelewa. Haina kasi ya ile rasmi. Lakini hakuna atakayeistaafisha kwa tangazo. Mwaka 2022 Nvidia ilifungua sehemu ya draiva yake ya kerneli, ila kwa kadi za familia ya Turing na zilizofuata tu, za mwaka 2018 kuja juu. Kadi za mitumba hazimo.

Kwa hiyo kuchagua cha kusakinisha ni nusu ya utatuzi wenyewe, na kipya zaidi hakifai kila mara. Mesa 22.0 ya mwaka 2022 iliziondoa draiva za kale kabisa, zikiwemo za Radeon za kwanza na GeForce za mwanzo, ikazihamishia kwenye tawi lililoitwa Amber. Kwa mashine za biti 32, Ubuntu ilishaacha kutoa diski zake zamani, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake, hivyo Debian 12 na ndugu zake ndio kimbilio. Kabla ya kusakinisha, washa mashine moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Cheza video, punguza mwangaza, ilaze na uiamshe, chomeka projekta. Dakika 20 hizo zinakuonyesha karibu kila tatizo nililolitaja, ukiwa bado na mfumo wako wa zamani salama. Na ukikuta kwenye ukurasa wa kuingilia kuna chaguo kati ya Wayland na Xorg, kwa kadi ya zaidi ya miaka 12 jaribu Xorg kwanza.

Jambo moja linaniuma. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na wakalazimika kutunga na kukusanya istilahi ili hilo liwezekane. Maarifa ya kutengeneza hayakupata mradi wa namna hiyo. Yanapita kwa sauti za WhatsApp na kwa kusimama nyuma ya bega la fundi, na fundi akihama mji yanahama naye. Ndiyo maana mwalimu yule aliambiwa kioo kimekufa. Aliyemwambia hakuwa tapeli. Hakuwahi kuonyeshwa tochi.

Siku hizi mashine ikitoka mezani kwangu naibandika karatasi ya gundi chini ya betri. Ya mwalimu inasomeka: Intel 965GM, Debian 12, acpi_backlight=native, pini za VGA nzima. Aliisoma kwa sauti kabla ya kuifunga tena kwenye kitenge, akaniomba kalamu, akainakili nyuma ya daftari lake la mahudhurio, kwa sababu shuleni kwao zilikuwa zimebaki nne za aina ileile kwenye stoo.